Vibati Kumi na Kimoja

Asubuhi ile ya Februari, doña Rubiela, mtunza stoo, alipomwita Arcesio Pachón kwenye dirisha la stoo na kumwonyesha ubao, alikuwa anacheka. Arcesio naye akacheka, maana katika hanga lile doña Rubiela akikuchekea, unacheka. Ila kicheko chake kilikatika alipouona msumari mmoja.

Ubao ule ulienea ukuta mzima. Ulipakwa rangi nyeupe, na juu yake kila kifaa kilichorewa umbo lake kwa rangi nyeusi: spana penye umbo la spana, nyundo penye umbo la nyundo. Fundi anayechukua kifaa huacha kwenye msumari wake kibati cha shaba chenye namba yake. Akirudisha kifaa, anachukua kibati. Zamu ikiisha na kibati bado kinaning'inia, hakuna anayekwenda nyumbani. Kifaa kisichokuwa ubaoni kiko mahali fulani, na huenda mahali hapo ni tumboni mwa ndege. Katika miaka ishirini na sita aliyofanya kazi pale Bogotá, Arcesio alishuhudia kibati kimoja tu kikiwapigisha magoti watu wazima thelathini, saa tatu nzima, kwenye sakafu baridi, wakitafuta koleo lisilozidi kidole.

Asubuhi ile vibati vilivyoning'inia vilikuwa kumi na kimoja, na hakuna aliyeshtuka.

Kisa chenyewe kilianzia Novemba, kampuni ilipotangaza kwamba inazistaafisha ndege zake kuukuu za mizigo, zile za injini tatu. Zilikuwa sita. Zilikula mafuta kama moto ulavyo nyasi, zilipiga kelele hadi miji ya mbali ikazikataa, na wenye mashati meupe wakakaa mezani wakaona kwamba ndege mbili mpya zitafanya kazi ya zile sita, kwa mafundi wanne badala ya thelathini na wanane. Hesabu ya mezani haina jasho. Tano zilikwisha kupelekwa kwenye jangwa la kaskazini, huko zinakokatwa vipandevipande. Ikabaki moja, nayo mafundi waliiita Mjane. Saa tano asubuhi hiyo Mjane angeondoka na tani kumi na nane za waridi kwenda Miami, kwa ajili ya sikukuu ya wapendanao, na kutoka Miami angeelekea jangwani kuwafuata wenzake.

Basi tangu Novemba mafundi wakaanza kuchukua kumbukumbu. Mwanzoni ilikuwa nati moja, au kisahani cha majivu cha enzi ambazo marubani walivuta sigara. Baadaye wakahamia kwenye vifaa vya stoo, vile vya kale ambavyo kwenye ndege mpya havingefungua hata kifuniko. Doña Rubiela alikuwa mkali wa kuwafukuza watu wazima kwa ufagio, lakini kwa hili alikosa moyo wa kukataa. Akawaambia waache vibati vyao kwenye misumari ili ajue nini kimekwenda na nani, na siku ya mwisho angejua la kuandika. Hivyo kibati kinachoning'inia, kilichokuwa kengele ya hatari, kikawa salamu ya kwaheri. Wakakizoea. Kila kilipoongezeka kimoja, walitaniana kwa namba.

"Hata wewe, mtakatifu," alisema doña Rubiela, akigusa kwa ukucha kibati namba kumi na saba. "Na mimi niliyekuwa nakuapia kwa wenzako kwamba utaondoka mikono mitupu."

Kumi na saba ilikuwa namba yake. Msumari ulikuwa wa kioo cha mkono: kijioo cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, kwenye mpini wa chuma wenye urefu wa kiganja kimoja na nusu, kwa ajili ya kuona nyuma ya vitu jicho lisipofika. Na Arcesio Pachón hakuwa amechukua kumbukumbu ya aina yoyote.

Hakumwambia. Alisema kitu kuhusu baridi, akaondoka dirishani, akaenda kusimama mbele ya sanamu ya Bikira wa Loreto, mlinzi wa watu wa ndege, ambaye taa yake haikuzimwa tangu hanga lijengwe. Hakusali. Alikuwa akijirudisha jana, hatua kwa hatua, kama anayerudi nyuma njiani kutafuta ufunguo alioudondosha.

Jana, saa tisa alasiri, alipanda ndani ya mkia wa Mjane. Kuna tundu huko nyuma, chini ya mkia, ambalo mtu mwembamba huingia kwa mabega ya upande, na humo ndimo zinamopita nyaya za chuma zinazotoka kwa rubani hadi kwenye kiusukani cha nyuma, kile kinachoiinua na kuishusha pua ya ndege. Nyaya zinapita juu ya kapi. Alikagua kapi ya kwanza. Alikagua ya pili, kioo kikiwa mkono wa kushoto na tochi mkono wa kulia. Akiwa kwenye ya pili, kipaza sauti kikaita jina lake: Pachón, ofisini, mara moja.

Kuitwa ofisini siku zile kulikuwa na maana moja. Alishuka akijiandaa kufukuzwa. Ofisini mhandisi Quiroga akamtolea karatasi yenye majina manne, na la tatu lilikuwa lake. Alikuwa amechaguliwa. Jumatatu angeanza mafunzo ya ndege mpya.

Alikumbuka alivyotoka pale akiwa mwepesi. Alikumbuka kumpigia simu mkewe Yolima, naye Yolima akalia, na nyuma yake ikasikika sauti ya jirani akiuliza nani kafa. Alikumbuka kwamba baadaye alirudi kwenye mkia, akafunga kifuniko cha tundu, skrubu kumi na mbili, akatia sahihi. Tochi alikuwa nayo, maana alirudi nayo nyumbani mfukoni. Kioo hakukikumbuka. Alifumba macho akijaribu kujiona akikirudisha dirishani. Aliuona mkono wake mtupu, kisha akauona mkono wenye kioo, na hakujua upi ni kumbukumbu na upi ni tamaa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini.

Alimtafuta Wilmar Chaparro, waliyefanya naye kazi miaka kumi na mitatu. Alimkuta nyuma ya mitungi ya gesi, ameinamia kikombe cha maji moto ya sukari guru, akichovya mkate wa jibini. Arcesio alimweleza yote kwa sauti ya chini. Wilmar alisikiliza akitafuna, kisha akaacha kutafuna.

Kwanza alijaribu kumpoza. Alisema kioo hicho mtu kakichukua, bila shaka, kwa kibati cha Arcesio au bila kibati. Wiki ile ya mwisho watu walikuwa wakibeba hata vitasa vya milango. Arcesio akajibu kwamba kibati ni chake na alikitundika mwenyewe. Wilmar akasema labda kilianguka kwenye ndoo ya matambara. Arcesio alikuwa amekwisha kuipekua ndoo ya matambara. Wilmar akatazama huku na huku, na alipozungumza tena, upole ulikuwa umemtoka.

"Unajua ukisema nini kitatokea? Watafunga stoo na kuhesabu. Ndiyo kanuni: kifaa kikihisiwa kimepotea, stoo inahesabiwa mbele ya watu wa ofisi. Na wakihesabu, ukiacha chako, watakuta vibati kumi. Changu cha kwanza."

"Najua."

"Hujui. Wizi wa mali ya kampuni, mzee. Kumi tunafukuzwa leo, siku moja kabla ya kiinua mgongo. Miaka yetu yote, puu. Na Rubiela wa kumi na moja. Wewe Jumatatu unakwenda kusoma ndege mpya, sisi tunakwenda kuuza dakika na don Saturnino."

Don Saturnino alikuwa fundi wa injini hodari kuliko wote, aliyeondolewa kwenye punguzo la mwaka uliotangulia. Sasa alisimama kwenye kituo cha basi cha Fontibón, mtaa wa jirani na uwanja wa ndege, amevaa kizibao chenye simu nne zilizofungwa kwa minyororo, akiwauzia wapita njia dakika za kupiga. Mafundi walipomwona kwa mbali walivuka barabara. Si kwa dharau. Waliogopa kumtazama usoni wakajiona.

Arcesio alilijua hilo. Alijua pia kile ambacho Wilmar hakukisema: kwamba Jumatatu yenyewe isingekuwapo. Fundi anayesahau kifaa ndani ya nyaya za usukani hafundishwi ndege mpya. Ana miaka hamsini na mitatu, na leseni yake ni ya ndege ambazo kufikia jioni zitakuwa hazipo tena nchini. Nani angemchukua? Alihisi woga ukimpanda kutoka kwenye nyayo kama maji ya barafu, na aliuchukia, kwa sababu ulikuwa na sauti ya busara. Ulimwambia: huna uhakika. Ulimwambia: kwa nini uwazamishe watu kumi na mmoja kwa jambo usilolijua.

"Labda hakimo," Wilmar alisema, akiinuka. "Bora uamini hakimo. Tuamini wote."

Akamshika bega, akambana kuliko inavyobanwa salamu, akaenda zake.

Nje ukungu ulikuwa umeanza kuinuka juu ya nyasi za nyanda zile, na Mjane alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mlango wake mkubwa wa ubavuni ukiwa wazi. Maboksi ya waridi yalikuwa yanaingia mfululizo. Harufu yake ilifika hadi kwa mafundi waliojipanga ukutani wakiwa na mikono mifukoni, bila kazi, wakiangalia. Ilikuwa harufu ya msibani. Mmoja alisema hivyo, na wengine wakamwambia anyamaze.

Kapteni Tovar alikuwa akiizunguka ndege kwa miguu, kama marubani wote wafanyavyo kabla ya kuruka, ila yeye alikuwa akiipapasa. Alipomwona Arcesio alimkumbatia. Akamwambia kwamba amefanya jaribio la usukani dakika tano zilizopita na unakwenda laini kama siagi. Kwamba bibi huyu anakwenda kaburini akiwa na viungo vya binti. Akauliza kama ni kweli Arcesio yumo kwenye wale wanne. Arcesio akaitikia kwa kichwa. Kapteni akasema basi angalau na mmoja wao wataonana tena.

Arcesio alifungua kinywa. Maneno yalikuwa pale, nyuma ya meno. Akamuuliza Kapteni Tovar kama alikwisha kunywa kahawa.

Akaondoka hapo. Usukani laini kama siagi: alijaribu kulishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika unyasi. Lakini alikuwa fundi, na fundi anajua mambo ambayo angependa kutoyajua. Alijua kwamba kifaa kilicholala chini ya nyaya, ndege ikiwa imesimama, hulala tu. Ndege ikiinua pua, kila kisichofungwa hurudi nyuma. Aliona mpini wa chuma ukitambaa polepole kuelekea kapi ya pili. Aliona Kapteni Tovar, futi mia tano juu ya mapaa ya Fontibón, akisukuma usukani mbele ili kushusha pua, na usukani ukikataa. Aliyaona mapaa yenyewe, nguo zikiwa zimeanikwa juu yake. Alijua hata rangi za nguo, maana paa la tatu kutoka kanisani lilikuwa la nyumba yake.

Saa nne na dakika tano.

Hapo ndipo alipoanza kufikiri kama fundi na kuacha kufikiri kama mshtakiwa. Kanuni aliijua kwa moyo. Kifaa kikihisiwa kimepotea, stoo huhesabiwa. Lakini fundi akijua kifaa kilipo, hufunguliwa mahali hapo tu, kifaa hutolewa, anayehusika huadhibiwa, na hakuna mtu anayegusa stoo. Tofauti ya watu kumi na mmoja ilikuwa ndani ya neno moja. Akisema labda, wangezama wote. Akisema ninajua, angezama peke yake.

Tatizo ni kwamba hakujua. Na akisema anajua, kisha kioo kisiwemo, basi ofisi ingeuliza kiko wapi, na hapo wangekwenda moja kwa moja kwenye ubao. Angekuwa amepoteza mahali pake na amewapoteza wale kumi na mmoja, vyote kwa asubuhi moja.

Alipanda ngazi za mbele. Daftari la ndege lilikuwa kwenye kiti cha mhandisi wa safari, kalamu imefungwa kwa uzi. Hakuna asiyejua sheria ya daftari lile: mstari ukiandikwa haufutwi, na ndege haisogei mpaka mstari ujibiwe kwa sahihi mbili. Watu huongea, wakakana walichokisema, daftari halikani. Aliandika kwa herufi kubwa, kwa sababu mkono wake ulikataa kuandika ndogo:

JANA, WAKATI WA KUKAGUA KAPI ZA NYAYA ZA MKIA, NILIACHA HUMO KIOO CHA MKONO. NAMBA 17. A. PACHÓN.

Mhandisi Quiroga alikuja mbio, tai imemkaa begani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa. Tani kumi na nane za waridi zilikuwa juani, na kila saa ilikuwa ikizila. Aliusoma mstari mara mbili.

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Uhakika kabisa, don Arcesio? Si kwamba unahisi?"

"Nimeandika niliacha. Sikuandika nahisi."

Quiroga akamuuliza kwa nini hakusema jana, akajibiwa kwamba alisahau. Akamuuliza kama anaelewa alichokifanya. Karatasi ya majina manne ilikuwa bado mezani, wino haujakauka vizuri. Arcesio akasema anaelewa. Nyuma ya Quiroga, chini ya ngazi, mafundi walikuwa wameanza kukusanyika, na Wilmar alikuwa mbele yao, uso mweupe kama ubao wa stoo.

Ngazi ya mkononi ikaletwa chini ya mkia. Skrubu kumi na mbili zikafunguliwa na fundi mwingine, kwa kuwa Arcesio hakuruhusiwa tena kugusa skrubu. Lakini ilipofika kuingia, walitazamana. Tundu lile halikuwa la kila mwili, na aliyelizoea alikuwa mmoja. Quiroga akampa tochi, akamwambia yeye atasimama hapohapo chini.

Arcesio aliingiza bega la kushoto, kichwa, bega la kulia. Chuma kilikuwa baridi na kilinuka grisi. Kwa juu alisikia maboksi ya mwisho yakiburutwa kwenye sakafu ya ndege, kisha mlango mkubwa ukifungwa, na giza likanenepa. Alimulika kapi ya kwanza. Hapakuwa na kitu. Alimulika sakafu ya tundu, mbavu za ndege, kona zote mbili. Hapakuwa na kitu. Alijivuta kwa viwiko hadi kwenye kapi ya pili, pale alipokuwa jana jina lake lilipoitwa. Alikuwa na hakika, kama kuna hakika duniani, kwamba kingekuwa pale.

Hakikuwapo.

"Umekiona?" Sauti ya Quiroga ilipanda kutoka chini.

"Bado."

Alimulika tena palepale alipokwisha kumulika, kama anayefungua mara kumi kabati lilelile. Alifikiria ubao wa doña Rubiela. Alifikiria mwanamke yule amesimama mbele ya watu wa ofisi, akieleza kwa nini aliwaachia. Alisema jina la Bikira, na la mama yake, na akajichukia kwa kuchelewa kuyasema.

"Don Arcesio. Kama hakimo, niambie sasa, nikafunge stoo."

"Kimo."

"Basi kitoe."

Alijiuliza kioo kingekwenda wapi kama si hapa. Ndege haikuruka tangu jana. Haikusogea. Kisha akakumbuka siagi. Kapteni Tovar alifanya jaribio la usukani. Nyaya zilikwenda mbele na kurudi nyuma, kamili, mara tatu. Kitu kilicholala juu ya nyaya kingesafiri nazo. Kingepelekwa mpaka nyuma ya kapi, upande ule ambao jicho halifiki. Kuona huko fundi anahitaji kioo cha mkono.

Hakuwa nacho. Alikuwa na vidole.

Aliuzungusha mkono wa kushoto nyuma ya kapi mpaka bega likagota. Akashika grisi, ukingo wa kapi, waya. Halafu ncha za vidole zikagusa kitu chembamba na laini, kilichobanwa kati ya waya na kinga ya chuma kama mfupa kati ya meno. Alikivuta. Hakikutoka. Waya ulikuwa umekwisha kukiuma.

Na wakati huohuo waya ukacheza.

Ulikuwa mchezo mdogo, nusu ya nusu ya kidole, lakini ulibana ngozi yake kwenye chuma. Kule mbele, mita arobaini kutoka pale, mtu alikuwa amegusa usukani. Akigeuka tu kitini, akiegemea, akijaribu mara moja zaidi ule ulaini wa siagi, vidole vinne vya Arcesio vitapita kwenye kapi pamoja na waya.

Alipiga ukelele. Hakuujua kama ni wake. Chini akamsikia Quiroga akikimbia na kuita mbele kwamba usukani uachwe, uachwe, mikono juu, kisha kimya. Arcesio alilala pale shavu juu ya ubavu wa ndege, akihesabu pumzi, akisubiri waya ucheze tena. Haukucheza. Akaukunja mkono, akausukuma mpini nyuma badala ya kuuvuta, akauzungusha, ukalegea.

Aliposhuka ngazi alikaa kwenye kipandio cha chini kabisa. Akamwinulia Quiroga kioo. Kijioo chenyewe kilikuwa kimevunjika, na kwenye mpini, katikati, kulikuwa na jino la waya lililozama hadi nusu ya unene wa chuma. Quiroga alipitisha kidole gumba kwenye jino lile, akarudia. Waliosimama karibu walisogea kuona. Mmoja alivua kofia.

Kapteni Tovar alikuja kwa miguu kutoka mbele. Alikitazama kioo, akamtazama Arcesio. Akaenda kando ya gurudumu, akajishika magotini, akatapika.

Nyaya zilikaguliwa sentimita kwa sentimita na mafundi wawili, zikaonekana nzima. Tundu likafungwa. Quiroga akatia sahihi ya kwanza daftarini na fundi mwingine akatia ya pili. Kisha akamwita Arcesio kando, penye kivuli cha bawa, akamwambia anajua kanuni inavyosema. Arcesio akasema anajua. Quiroga akasema ataandika kwamba aliripoti mwenyewe, kwa hiari, kiinua mgongo chake kisiguswe; hilo analiweza. Lile jingine haliwezi. Alilisema akiangalia viatu vyake. Kuhusu stoo hakuuliza neno, na Arcesio alikuwa na hakika ya kutosha kwamba hakuuliza kwa makusudi.

Mjane aliondoka saa saba kasorobo. Injini zake tatu ziliyatikisa mabati ya hanga kama kawaida yake, akainua pua juu ya Fontibón, akaingia kwenye mawingu upande wa kaskazini. Mafundi walipunga mikono, wengine walilia waziwazi. Arcesio hakuweza kutazama. Aligeukia ukuta hadi ngurumo ilipokwisha, na hata ilipokwisha aliendelea kuisikiliza, akisubiri sauti nyingine ambayo haikuja.

Alikuwa bado yupo pale ukutani Wilmar alipomjia, kama saa moja baadaye. Hakuketi. Alisimama akivivuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Wameniita ofisini," alisema.

Arcesio akageuka kumtazama.

"Ile nafasi ya nne wamenipa mimi. Yaani, ya tatu. Mahali pako." Wilmar aligeukia uwanja mtupu. "Nikasema nitafikiri. Quiroga akasema sina muda wa kufikiri. Mzee, nitukane tu, ni haki yako. Asubuhi nilikubana bega ili watu wafe."

Palikuwa na tusi, na lilikuwa tamu, na Arcesio alilishika mdomoni muda mrefu. Alimfikiria Yolima na jirani zake. Alifikiria jinsi atakavyoingia nyumbani mchana, saa ambayo hakuwahi kuingia siku ya kazi. Alimwangalia Wilmar na kuona kwamba kijasho kimemtoka juu ya mdomo, katika baridi ile.

"Umekubali?"

"Nimekubali. Nina watoto watatu. Lakini naogopa, mzee. Sijui kama nitaweza tena kuingiza mkono mle ndani bila kuogopa."

"Usiweze," alisema Arcesio. "Na wakikuita jina lako ukiwa ndani, hata ikiwa ni mama yako anakufa, usiitike. Weka chini ulichoshika, uone umekiweka wapi, ndipo uitike."

Wilmar aliitikia kwa kichwa. Kisha akavuta kreti, akakaa karibu naye, wakangoja pamoja habari za Miami.